Kiatu Chekundu cha Mama Viporo

Jina la Viporo Mwamini hakuzaliwa nalo. Alipewa na binamu yake Mtoro, mtoto wa mjomba wake wa Mbwera, tena alipewa kihalali kabisa, kwa sheria za utani wa ukoo wao, hata hakuwa na pa kwenda kushtaki.

Na tuseme ukweli, lilimkaa. Mwamini alikuwa fundi cherehani pale Kibiti, karibu na stendi, na barabara nzima hapakuwa na fundi wa kumfikia kwa mkono mzuri. Shida ilikuwa kumaliza. Gauni lilianza kwa vishindo: likapimwa, likakatwa, likaungwa kifuani, kisha likatundikwa ukutani kungoja mikono, na mikono isije. Idi ikapita, gauni lipo. Nyumba aliyoianza mwenyewe ilikuwa imefika usawa wa madirisha, na humo ndani ulishamea mpapai na kuanza kuzaa. Chuo cha ufundi alikiacha muhula mmoja kabla ya cheti. Hata umbea, Mwamini alikuwa mtu wa kukuacha njia panda akaenda kufunua chungu.

Utani wa mabinamu katika ukoo wao si wa maneno matupu. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako chochote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukikitaka, unakikomboa kwa jogoo, mambo yanaisha. Lakini usipotaka kukikomboa, kazi inamgeukia yeye: atakufuata kila uendako, kitu kikiwa mkononi mwake, mpaka mmoja wenu achoke. Ukichoka wewe, unatoa jogoo. Akichoka yeye akakiweka chini, unampa jina ulitakalo, na jina hilo haliondoki ila kwa mlango ule ule lilioingilia.

Mwamini alijitia hasara siku ya harusi ya binti yake Maryam. Alimvua Mtoro kofia yake ya viua mbele ya wageni, akaipeperusha, kina mama wakapiga vigelegele. Mtoro hakuomba kofia. Alinawa mikono, akaaga, akasema anarudi kwao Mbwera. Mama wa bibi harusi, na vitenge vyake vya harusi na hina yake, ikabidi amfuate na kofia mkononi, gari moja hadi Nyamisati, mpaka gatini. Pale alipoona boti inavyoyumba na tope lilivyomngoja, alikaa juu ya gunia la mpunga kupumua kidogo, na kofia akaiweka gotini.

"Goti si mkono!" Mtoro alipiga kelele, abiria wote wakageuka. "Na jina lako kuanzia leo ni Viporo."

Jina likafika Kibiti kabla yake. Wateja walikuwa wakisema, "Napeleka kitambaa kwa Mama Viporo," bila hata kucheka, kama jina la kwenye kitambulisho. Hilo la kutocheka ndilo lililomuuma. Wakati mwingine alikaa mbele ya cherehani akatazama yale magauni yasiyo na mikono, akaogopa kwamba Mtoro hakumtania, alimsoma tu.

Ndipo wakaja watu wa triathloni.

Walikuwa vijana kutoka Dar, wakitafuta mahali pa kuandaa mashindano ya masafa marefu kwa watu wa kawaida, wasiolipwa: kuogelea kwenye mkono wa mto pale Nyamisati, kupanda baiskeli kupitia Bungu hadi Kibiti, na zaidi ya hapo mpaka karibu na Ikwiriri na kurudi, kisha kukimbia kwa miguu kwenye mikorosho ya Kibiti mpaka mtu ajute kuzaliwa. Mwamini alipewa kazi ya kushona bendera zao. Alizichelewesha, bila shaka, lakini wakati wa kuzichelewesha aliuliza maswali mengi, na zilipokwisha alikuwa amejiandikisha.

"Wewe mama?" aliuliza kijana mmoja.

"Mie. Kuogelea nimejifunza Mbwera kabla wewe hujajua kutambaa."

Hakusema uongo. Mama yake alikuwa wa Mbwera, na utoto wake wa likizo zote ulipita majini. Kilichobaki ni mwili wa sasa, ambao ulikuwa umekaa kwenye kiti cha cherehani kwa miaka mingi na haukuwa na haraka ya kuondoka. Aliuamsha kidogo kidogo. Akishaswali alfajiri, anatoka kukimbia njia za mashambani na viatu vyake vya plastiki, yeboyebo za kijani, miguuni. Watu waliokuwa wakienda shamba walimpisha kwa wasiwasi, wengine wakatazama nyuma yake kuona anafukuzwa na nini. Baiskeli ya gia aliinunua mnadani. Ilikuwa na gia nyingi lakini zilizokubali zilikuwa mbili. Nguo ya kuogelea alijishonea mwenyewe, ya kumsitiri kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, na hiyo, cha ajabu, aliimaliza.

Maryam alimtumia kutoka Dar viatu vya kukimbilia, vyekundu, vya kung'aa. Mwamini alivijaribu mara moja tu. Vilimbana vidole mpaka machozi yakamtoka, akavirudisha kwenye boksi. Alikuwa karibu kumpigia mwanawe amwambie, kisha akasita. Alikaa akivitazama viatu vile kwa muda mrefu, na tabasamu likamjia, la mtoto aliyeona mlango wa jikoni haukufungwa.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu Kibiti ambaye hakusikia habari za viatu vyekundu. Bila viatu hivi siwezi, alisema sokoni. Viatu hivi ndiyo miguu yangu, alisema msibani. Alimpigia simu Mtoro huko Mbwera, eti kumjulia hali, akamsimulia viatu mpaka salio likakata.

Mtoro alikuwa mwendesha boti, mtu wa kifua kipana na tumbo lililotangulia kifua, na kwenye mashindano alikuwa amepewa boti ya uokoaji. Kwa hiyo alikuwa na fulana ya njano ya wasimamizi, ya kumruhusu kupita kila mahali. Hilo nalo Mwamini alikuwa analijua.

Mkutano wa washiriki ulifanyika siku moja kabla. Msimamizi mkuu, Mwalimu Abdulswamadu, aliyestaafu ualimu lakini filimbi hakuistaafisha, alieleza sheria mpaka watu wakasinzia. Mwamini hakusinzia. Aliinua mkono.

"Mwalimu, kwenye njia ya kukimbia, mtu akija na bodaboda?"

"Chombo chochote cha moto hakiingii njia ya wakimbiaji. Namshusha. Hata akiwa nani namshusha."

"Ahsante, Mwalimu," alisema Mwamini, akapunga upepo kwa pembe ya mtandio.

Siku yenyewe, maji ya Nyamisati yalikuwa yanajaa. Watu wa Dar walivaa nguo zao za mpira, wakaulizana kwa sauti ndogo kuhusu mamba. Waandaaji walikuwa wamewahakikishia kwamba mamba hawapendi chumvi ya huku. Mtoro, juu ya boti na kipaza sauti chake, aliwaambia kwamba mamba hawakuhudhuria kikao hicho. Waliingia majini wakiwa wamekusanyika kama bata, wakaondoka kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mwamini aliogelea kwa kuvuta pumzi na kumsikiliza mtani wake.

"Mama Viporo! Mbona unarudi? Aa, samahani, kumbe ndiyo unakwenda!" Boti ilizunguka. "Mama Viporo, mama mkwe wangu anauliza gauni lake! Anasema Idi imepita, inakuja nyingine!"

Hapo alimgusa. Mkwewe Mtoro alikuwa Bi Zawadi, jirani ya Mwamini pale Kibiti, mama mmoja mtulivu ambaye hajapata kumgombeza mtu, na gauni lake la zambarau lilikuwa ukutani bila mikono tangu Idi. Mwamini alimeza maji ya chumvi, akakohoa, akaendelea. Kuna maneno mtu hawezi kuyajibu akiwa anaogelea, na mengine hawezi kuyajibu popote.

Alitoka majini akiwa katika wale wa mwisho, tope hadi magotini. Alivaa kofia ya baiskeli juu ya mtandio, akala tende, akaondoka. Njia ya kwenda Bungu ilikuwa mchanga mahali, mashimo mahali, na mbuzi mahali pote. Watu wa Dar wenye baiskeli za kubebwa kwa kidole kimoja walikuwa wamesimama pembeni wakiziba pancha. Mwamini aliwapita akiwapa pole kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Walipokwisha kuziba, kwenye lami wakampita wote. Malori yalimsukuma kwa upepo wao. Aliporudi kutoka upande wa Ikwiriri na kuingia Kibiti, makalio yake hayakuwa yake tena, na jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa chake peke yake.

Kituo cha kubadilishia kilikuwa kwenye uwanja karibu na stendi. Asubuhi ya jana yake alikuwa ameviacha viatu vyekundu juu kabisa ya kapu lake, na chini ya kanga, kwenye kona, yeboyebo za kijani. Alikimbilia kapu. Kiatu cha kushoto kipo. Cha kulia hakipo.

"Umepoteza kitu, mtani?"

Mtoro alikuwa amekaa nyuma ya bodaboda, soda mkono mmoja, kiatu chekundu mkono wa pili, kipaza sauti kikining'inia shingoni. Watu wengi walikuwa wamejaa kwenye kamba, maana habari za viatu walizisikia wote.

"Jogoo," alisema Mtoro. "Jogoo mmoja tu, mweupe, nikuachie ukimbie. Au nuna kidogo tuone."

Mwamini aliweka mikono kichwani. Akalia, "Ole wangu!" Akazunguka mara moja, kwa faida ya waliokuwa nyuma. Kisha akafunua kanga, akatoa yeboyebo, akazivaa bila haraka.

"Sikomboi," alisema. "Nifuate."

Uwanja mzima ulicheka. Mtoro naye alicheka, kwa sababu alikuwa na bodaboda. Akamgonga dereva begani, wakamfuata polepole, soda ikimeremeta, mpaka kwenye kamba ya kuingilia njia ya mikorosho. Pale filimbi ilipigwa ya kuvunja masikio.

"Shuka!" alisema Mwalimu Abdulswamadu.

"Mwalimu, mie msimamizi, tazama fulana."

"Basi simamia kwa miguu."

Mtoro alimtazama Mwalimu, akaitazama njia, akamtazama Mwamini aliyekuwa anapotea kwenye mikorosho. Kisha akatazama kiatu. Watu walishaelewa, na walikuwa wakingoja. Kama angekiweka chini pale pale, angepewa jina na stendi nzima ikiwa shahidi. Akashuka, akakaza ndala zake, akaanza kukimbia.

Mwamini alikuwa amepiga hesabu kwamba mtu wa boti hatapita mkorosho wa kumi. Hesabu hiyo aliikosea. Mtoro alikuwa mzito, lakini alikuwa mbishi, na ubishi una mapafu yake. Alipita mikorosho, akapita darasa la madrasa lililotoka zima kumtazama, akapita kisima. Alikuwa anapumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, lakini sauti ya ndala zake, kwapu, kwapu, haikukata nyuma ya Mwamini. Kila akipata pumzi ya ziada aliitumia kwenye kipaza sauti.

"Kibitiii! Huyu mnayemuona... ni Viporo... anawaletea nusu ya mbio!"

Wakaenda, wakarudi, wakaenda tena. Kwenye mzunguko wa pili miguu ya Mwamini ilimkataa. Misuli ya paja ilikaza, na akajikuta anatembea, kisha anatembea kwa kuchechemea, kisha amesimama ameshika mkorosho. Ndala nazo zikasimama.

"Mtani," alisema Mtoro, bila kipaza sauti sasa. Uso ulikuwa umemwiva. "Sema tu nakomboa. Jogoo mwenyewe n'takupa mie unipe. Twende tukakae."

Alisema kwa wema, na huo wema ndio uliokuwa mbaya. Kama angemkejeli, angekimbia. Mwamini alifumba macho, akaona kila kitu chake kilichosimama: ukuta wa nyumba usawa wa madirisha, cheti ambacho hakipo, gauni la zambarau. Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote, alijua. Hakuna aliyewahi kumlazimisha kuacha. Kila mara alikuja mtu mwema akamwambia apumzike kidogo. Akaogopa kweli, akataka kulia, na akaona aibu kwamba mpango wote wa viatu ulikuwa wa kumchosha Mtoro wala hakujiuliza kama yeye mwenyewe angefika.

"Sikomboi," alisema, akanyanyua mguu.

Hapo mbele, karibu na nyumbani kwa Mwamini, kina mama wa mtaa walikuwa wameweka meza ya maji kwa wakimbiaji. Walikuwa wamechonga na madafu. Nyuma ya meza, amejifunga kanga mbili, alisimama Bi Zawadi.

Mwamini alimwona. Akageuka akamwona Mtoro, kiatu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameshika kipaza sauti kisimpige kifuani. Maumivu ya paja hayakuisha, lakini yalikaa pembeni kupisha jambo muhimu zaidi.

"Bi Zawadi, shikamoo!" aliita kwa sauti yote iliyobaki. "Mie baadaye, mama. Mpe kwanza mkweo. Katoka mbali, Mbwera, na ana kiu."

"Marahaba. Jamani, mwanangu Mtoro!" Bi Zawadi alichagua dafu kubwa, lililochongwa na kujaa hadi mdomoni, akalishika kwa mikono yake miwili, akazunguka meza kumletea mwenyewe. "Pole, baba. Karibu maji."

Ni mtu gani wa huku anayepokea kitu kwa mkwewe kwa mkono mmoja? Na ni nani anayempokea akiwa amesimama, tena na kiatu mkononi? Mtoro hakufikiri. Mwili wake ulifanya kama ulivyolelewa. Aliinama, akapiga goti, akaachia kipaza sauti, akaweka kiatu mezani, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Ahsante, mama."

Akanywa. Alikunywa kwa raha, macho yamefumbwa, maji ya dafu yakimtiririka kidevuni. Alipofumbua macho, Mwamini alikuwa amesimama mbele ya meza anakitazama kiatu chekundu kilichotulia kati ya ndoo na vikombe.

"Meza si mkono," alisema Mwamini.

Mtoro alifungua mdomo. Mbele ya mkwe hutanii, huapi, hubishani. Akaufunga.

"Na jina lako, mtani, kuanzia leo, ni Viporo. Bi Zawadi shahidi."

"Mie shahidi," alisema Bi Zawadi kwa upole, akampokea mkwewe dafu tupu.

Vigelegele vilipasuka mtaa mzima. Mwamini alicheka mpaka paja likamkumbusha kwamba mbio hazijaisha. Alikunywa kikombe cha maji, akaanza tena kwa kuchechemea. Hatua chache mbele akasikia: kwapu, kwapu. Mtoro alikuwa anamfuata mikono mitupu.

"Umeshafunguliwa," alimwambia. "Nenda zako."

"N'ende wapi?" alisema Mtoro kwa sauti ya chini, akichungulia nyuma kama mkwe anasikia. "Mtu kanipa jina la Viporo halafu asimalize? Nitacheka mpaka nife. Nataka niwepo."

Basi hakukuwa na namna. Alikimbia, akatembea, akakimbia. Mtoro pembeni akimhesabia mikorosho iliyobaki na kuiongeza makusudi. Walipoingia uwanjani vijana wa Dar walikuwa wameshaanza kukunja bendera, zile zile alizozishona yeye, na Mwalimu Abdulswamadu alikuwa anatazama saa kwa huzuni. Mwamini alipita chini ya bendera ya mwisho kabla haijashuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu isipokuwa Mtoro, ambaye filimbi ilimzuia kuvuka kwa kuwa hakujiandikisha. Mwamini alikaa chini mchangani, akalia waziwazi, kwa furaha, na hakujali nani anamwona.

Wiki ile gauni la Bi Zawadi likapata mikono. Nyumba, tusidanganyane, bado ina mpapai.

Mwezi haukuisha Mtoro akaonekana dukani, akijifanya amepita tu. Akashika vitambaa, akaviachia. Mbwera yote, alisema, hata wanawe, walikuwa wakimwita lile jina. Alikuwa amesikia mashindano yatarudi mwakani.

"Nataka nguo ile ya mashindano," alisema hatimaye. "Ya mwili mzima. Usije ukanitundikia ukutani."

"Kaa hapo," alisema Mwamini. "Unaondoka nayo leo."

Alimpima, akakata, akakalia cherehani, na cherehani haikunyamaza hata kwa chai. Haijapata kutokea dukani mle nguo ikaanza na kwisha siku hiyo hiyo. Alimkabidhi imekunjwa, mgongo kwa ndani, na Mtoro akaijaribu mbele ya kioo, rangi ya machungwa, ikamkaa vizuri mpaka mwenyewe akajishika kiuno. Akasema haivui, atatoka nayo hivyo hivyo mpaka stendi, watu waone. Mwamini akamsifu, akamnyoosha mabega, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mtoro alivuka barabara kifua mbele. Mgongoni, kutoka bega hadi bega, kwa uzi mweupe uliodariziwa kwa subira na kumalizwa vizuri mpaka fundo la mwisho, paliandikwa VIPORO. Madereva wa bodaboda wakaanza kumwita kwa jina, mmoja baada ya mwingine, naye akawapungia wote mkono, akidhani wanaisifu nguo.